Nilimvalisha Koti la Marehemu, Kisha Nikamkana

Nina umri wa miaka sabini na minne. Kabla vita havijanileta hapa Brussels, nilifundisha historia mjini Bukavu, na wanafunzi wangu watakumbuka jambo moja: sikukubali habari ya kusikia. Nani amesema? Aliona mwenyewe? Basi someni, ndugu wasomaji, mjue jinsi mtu wa namna hiyo alivyomwangamiza mtoto asiye na hatia...

Mwaka jana kaka yangu alifariki hospitalini, upande wa Woluwe hapa mjini. Miezi yake ya mwisho aliuguzwa na mjukuu wake Furaha, msichana wa miaka ishirini na tisa, aliyeajiriwa katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Akitoka kazini alikwenda kumwosha na kumlisha babu yake. Sisi wengine tulikwenda Jumapili.

Matanga tuliyafanya katika ukumbi mdogo karibu na barabara ya Chaussée de Wavre. Kwa desturi ya ukoo wetu, mzee akifa, mjukuu huvaa nguo zake na kumwigiza, ili waliolia wapate kucheka. Lakini mjukuu haanzi mpaka ndugu wa marehemu amvalishe kwa mkono wake. Ndugu huyo nilikuwa mimi. Nilimvalisha Furaha koti la kaka, nikampa na fimbo.

Alikohoa kama yeye! Alikunja uso kama yeye! Akagonga fimbo sakafuni, akawakemea wapishi kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, kilichochanganyika na Kifaransa: "Donc nimekufa, na bado munanipikia bila chumvi?"

Mama mmoja akamjibu: "Papa, docteur alikataza!"

"Docteur njo alikufa, ao ni mimi?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nami nilicheka hadi nikashika ukuta.

Mtu fulani alirekodi. Hadi leo simjui. Kilichosambazwa ni sekunde chache tu: Furaha anatamba na koti, picha ya marehemu nyuma yake, na maandishi yaliyosema kwamba mlezi wa wazee anashangilia kifo cha mzee aliyekuwa chini ya uangalizi wake. Kufikia siku ya pili, watu wasiomjua, wa Paris, wa Goma, wa Montreal, walikuwa wakimlaani. Mchawi! Afukuzwe kazi! Asiguse tena mama wa mtu!

Sentensi mbili zangu zingetosha kumwokoa... Lakini chini ya video mtu akauliza: "Na ule muzee anacheka pale pembeni, ni nani?"

Wasomaji, mzee huyo nilikuwa mimi.

Viongozi wa kundi letu la WhatsApp, la Wakongo wa Brussels, wakaniomba nitoe neno. Niliogopa! Nikarekodi sauti, kwa Kiswahili changu cha darasani, nikasema kwamba familia imesikitishwa na kitendo hicho na haihusiki nacho. Haihusiki! Watu wakaambiana kwamba ikiwa Papa Professeur, kama wanavyoniita, mwenyewe amekana, basi ni kweli. Ujumbe wangu ukatafsiriwa kwa Kifaransa, ukafika kazini kwa Furaha. Kabla ya wiki kwisha, hakuwa na kazi.

Alikuja kwangu mara moja tu. Hakuketi.

"Koko," alisema, maana ndivyo wajukuu wanavyotuita, "ile koti njo wewe ulinivalisha."

Nikaanza kumweleza habari za heshima ya familia...

"Na mimi siko famille?"

Akashuka ngazi. Siku mbili baadaye nilirekodi ukweli wote, dakika sita, nikautuma kwenye kundi lile lile. Jibu la kwanza lilikuwa: "Papa, c'est trop long, fupisha." Jibu la pili halikuja. Walikuwa wamekwisha kupata mwingine wa kumlaani. Furaha amehamia mji wa Liège, na simu zangu hapokei.

Kwa nini hasira za namna hii hulipuka? Zamani ningejibu kwamba ni ujinga. Sivyo. Niliyasoma maoni yale moja baada ya jingine. Laana ndefu kuliko zote iliandikwa na mama wa hapa Matonge, mtaa wetu Wakongo wa Brussels, ninayemfahamu. Mama yake mzazi alifia Uvira, naye aliyafuata mazishi kwa simu, kati ya zamu mbili za kazi. Ni wangapi miongoni mwetu ambao hawakuwepo wazazi wao walipokata roho? Majuto hayo hayana pa kwenda. Kumlaani Furaha kuliwapa nafuu: kwa dakika chache, kila mmoja akawa mtoto mwema.

Wao walikuwa na majonzi. Mimi nilikuwa na nini? Woga tu...

Nawasihi, hasa ninyi wazee wenzangu mnaosikilizwa: msijisifu kwamba hamwamini uvumi, kama nilivyojisifu mimi. Kama ulikuwepo, sema ulichokiona siku ile ile, hata kama uso wako umo ndani ya video! Usingoje kwanza jina lako liwe salama.

Langu liko salama. Kanisani bado wananipisha kiti cha mbele, wananisalimu kwa mikono miwili. Na msichana aliyemlisha kaka yangu kwa kijiko, hakuna nyumba ya wazee mjini humu inayotaka kumwajiri.