Upande wa Nyuma wa Mchoro

Kila asubuhi, nyumbani kwa fundi bomba, lilisikika swali lilelile.

"Mama watoto, kofia yangu ya kazi iko wapi?"

"Nyuma ya ndoo ya bluu, jikoni," mkewe alijibu bila kuinua macho. "Na soksi umezitia ndani yake. Usiniulize kwa nini."

Mkewe alikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi ya maji. Miaka kumi na tisa alifanya kazi masijala, chumba chenye rafu ndefu zilizojaa majalada. Humo ndimo ilimohifadhiwa michoro ya mabomba yote ya mji. Wenzake walimwita Bi Jalada. Ukimtajia mtaa, alikwambia rafu. Mumewe na kikosi chake hawakuchimba hata shimo moja kabla ya kupita kwake.

Jumatatu moja meneja aliwakusanya wafanyakazi. Alikuwa na furaha kama mtu aliyenunua gari jipya.

"Michoro yote sasa imo ndani ya kompyuta," alisema. "Tumepata programu ya akili mnemba. Unaiandikia swali, inakujibu papo hapo. Hakuna tena kupanda na kushuka kwenda masijala!"

Watu walipiga makofi. Bi Jalada naye alipiga, lakini mikono yake ilikuwa mizito.

Siku ya kwanza ikapita bila mtu kubisha mlangoni pake. Ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu alijikuta anapanga vibanio vya karatasi kwa rangi zake.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Baba watoto, unga wangu umemwagika."

"Nani kakwambia?"

"Mlango wangu. Siku tatu haujabishwa."

 Fundi alikuwa mtu wa mabomba; maneno ya kufariji hayakuwa fani yake. Alitoka uani akamwita jirani yao, aliyekuwa anaanua nguo. Jirani huyo alikuwa mkutubi, mtunza vitabu wa maktaba ya mji.

"Shoga yangu, kumbe ndicho kinachokukosesha raha?" mkutubi alimwambia Bi Jalada alipokwisha kusimuliwa. "Hata sisi tunayo programu kama hiyo. Ilipoletwa, mimi nilianza kufunga virago!"

"Ikawaje?"

"Nikaisoma tabia yake. Akili mnemba ni programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi mno, mpaka inaweza kujibu kama mtu. Inasoma haraka kuliko mimi na wewe. Lakini haina macho ya kuona yaliyoko huko nje. Ukiipa karatasi iliyopitwa na wakati, itakupa jibu lililopitwa na wakati. Tena itakujibu kwa kujiamini kweli!"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Usiikimbie. Iulize mambo unayoyajua. Na kila ikijibu, iulize, 'Umeyapata wapi haya?'"

Kesho yake Bi Jalada alipiga moyo konde. Aliketi mbele ya kompyuta ya masijala, akaandika swali la kwanza kwa kidole kimoja. Jibu likaja sahihi. Swali la pili, sahihi. La tatu, la nne, la tano, yote sahihi. Alitikisa kichwa. Kwa kweli kitu kile kilikuwa hodari.

Swali la sita aliuliza kuhusu barabara ya hospitali. Kikosi cha mumewe kilikuwa kinaanza kazi huko asubuhi ileile, upande wa hospitali, na tingatinga la kuchimbia.

Programu ikajibu: bomba kuu limepita upande wa kushoto, kando ya ua wa shule. Upande wa kulia, wa hospitali, hakuna bomba.

Bi Jalada alikunja uso. Akaandika, "Umeyapata wapi haya?"

"Mchoro namba 212," programu ilijibu.

Alikwenda rafuni, akauchomoa mchoro namba 212. Mbele ulikuwa safi kabisa. Akaugeuza. Nyuma palikuwa na muhuri mwekundu uliofifia: UMEFUTWA. TAZAMA NAMBA 340.

Waliopitisha michoro kwenye skana walikuwa wamepiga picha ya mbele tu. Na mchoro namba 340? Aliukuta umekunjwa ndani ya boksi pembeni. Ulikuwa mpana mno kupita kwenye skana, wakauacha. Aliukunjua juu ya meza. Bomba kuu lilikuwa upande wa kulia, mbele ya hospitali, kina cha mita moja tu.

Alimpigia mumewe simu. Iliita mpaka ikakatika. Akampigia tena. Hola. Akakimbilia kwa meneja na michoro yote miwili.

"Bi Jalada," meneja alisema, "programu hii ni ya kisasa. Hiyo karatasi yako ni ya zamani sana."

"Ni ya zamani, meneja, lakini ina saini ya mhandisi aliyelilaza bomba. Jibu la programu limetoka kwenye mchoro uliofutwa. Simamisha kazi saa moja tu. Nikikosea, barua ya kuacha kazi nitaiandika mwenyewe."

Meneja aliusoma muhuri mara mbili. Kisha akachukua funguo za gari.

Walipofika, tingatinga lilikuwa limeshanyanyua ndoo yake ya chuma. Fundi alimwona mkewe anashuka garini, mchoro ameuinua juu ya kichwa. Hakuuliza kitu. Aliruka mbele ya dereva akapunga mikono yote miwili.

"Zima! Zima mashine! Masijala wamefika!"

Wakachimba kwa sururu na koleo, polepole. Mita moja chini, chuma kikalia. Ng'a! Fundi alipangusa udongo kwa kiganja. Bomba nene lilikuwa limelala pale pale ambapo mchoro namba 340 ulisema.

Meneja alitazama madirisha ya wodi, kisha bomba. "Tungekata maji ya hospitali nzima," alisema kwa sauti ndogo.

Dereva alishuka kutazama. "Huyu mama ni nani?"

"Ni mke wangu!" fundi alisema, kifua mbele. Akarudia, maana aliona hawajasikia vizuri.

Kesho yake meneja alikwenda mwenyewe masijala. Akabisha mlango. "Niambie tufanyeje."

Bi Jalada hakutaka programu iondolewe. Alitaka ilishwe vizuri. Kwa hiyo michoro ilipigwa picha upya, mbele na nyuma, na mipana ikatafutiwa skana yake. Kila mmoja ukaandikiwa tarehe, jina la aliyeuidhinisha, na kama bado unatumika au umefutwa. Majalada ya wateja yalikaa nje ya programu, kwa sababu habari za watu si za kila mtu kusoma. Kila jibu lilitakiwa kutaja mchoro lilikotoka. Na kabla ya kuchimba, mtu wa masijala alikagua mchoro wenyewe na kutia saini.

Ofisi ilimpeleka mafunzoni miezi miwili. Wiki ya kwanza alitoka jasho. Wiki ya nane alikuwa anamfundisha aliyeketi kando yake. Aliporudi, cheo chake kilikuwa msimamizi wa taarifa. Siku moja programu ilimsaidia kupata mchoro alioutafuta miaka sita. Alicheka peke yake masijala.

Mwaka mzima ukapita, kikosi hakijakata bomba hata moja. Ofisi nyingine za maji zikatuma watu kujifunza. Bi Jalada alisimama mbele yao kwenye ukumbi uliojaa. Mama mmoja, mtunza kumbukumbu kama yeye, alinyoosha mkono kwa woga.

"Dada, sema kweli. Hiki kitu hakitatuondoa kazini?"

"Zamani kazi yangu ilikuwa kukumbuka karatasi iko wapi," Bi Jalada alijibu. "Kazi hiyo kimeichukua, na sikidai kinirudishie. Mimi sasa nahakikisha kinachokumbukwa ni kweli. Jifunzeni kukitumia, ndugu zangu. Kinatuhitaji kuliko kinavyojua."

Makofi yalianzia nyuma ya ukumbi. Aliyeanza ni fundi bomba mmoja mwenye sare ya kazi, ambaye hakuna aliyemwalika. Alipiga kwa nguvu, akaendelea hata wengine walipokwisha kunyamaza, mpaka mkewe akamwashiria kwa mkono akae chini.