Mguu kwenye Klachi

Mimi ni mbishi wa kuzaliwa, siamini kitu mpaka nikishike. Haya ya mjomba wangu nimeyashika kwa mkono wangu, kwa hiyo sitii chumvi.

Mjomba ni fundi magari. Gereji iko uani kwake, na tangu mkewe afariki anaishi pale peke yake, anajitengea chai na kuongea na redio. Miezi mitatu baada ya mazishi, gari lao likaanza ugonjwa. Likienda taratibu linashtuka, linasita, linaruka mbele. Likishika kasi, shwari.

Akafuata njia ya kazi. Alibadilisha plagi, akabadilisha fileta ya mafuta, akakagua mipira inayobeba injini. Mwishowe akafunga klachi mpya, pamoja na mpira mpya wa pedali. Nikamtania kwamba mganga hajigangi. Hakucheka. Gari liliendelea kushtuka, tena akiwa peke yake tu. Nikipanda mimi, linatulia.

Alasiri moja alilizungusha uani kwa gia ya kwanza. Likashtuka mara mbili, likatulia, likashtuka ya tatu. Akasimama, akatoa gia. Mshtuko ule aliujua.

Mkewe alijifunzia udereva uani hapohapo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, akikanyaga klachi kwa ncha ya kiatu, pembeni, na kuiachia ghafla. Siku ya mwisho ya mafunzo mjomba alimfokea kwamba ataua gari. Mama wa watu akashuka analia, hakugusa usukani tena. Wiki ileile akaugua. Mjomba hakuwahi kumwomba radhi, na jambo hilo lilikuwa linamla.

Basi akatoa mguu wake kwenye klachi.

Pedali ikashuka. Yenyewe. Polepole. Mpaka chini.

Mjomba akanong'ona, "Ni wewe?"

Akaingiza gia ya kwanza.

"Nisamehe. Achia taratibu, mke wangu. Leo sina haraka."

Pedali ikapanda. Gari likaondoka. Halikushtuka. Likazunguka ua mzima, naye analia kama mtoto.

Tangu siku hiyo gari limepona, na mjomba ndiye mgonjwa. Akikaa kwenye usukani pedali haisogei tena yenyewe. Kwa hiyo kila alasiri hukaa kiti cha abiria, mahali pa mwalimu, anangoja mpaka jua lizame. Aliniambia angekubali gari liharibike tena, mradi asikae peke yake.

Jumapili iliyopita nilienda asubuhi kumsaidia kuliosha. Mjomba alikuwa bado amelala. Mpira wa pedali, ambao haujamaliza miezi miwili, ulikuwa umelika kona moja, pembeni. Mjomba hukanyaga katikati. Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele kabisa. Magoti ya mjomba yasingeenea. Nikakirudisha nyuma, nikafunga milango, nikatia funguo mfukoni, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi na ndoo, kiti kilikuwa mbele. Nikagusa boneti.

Ilikuwa ya moto.

Mjomba alikuwa anakoroma chumbani. Alasiri ilipofika alitoka, akachana nywele, akaenda kukaa kiti cha abiria kumngoja. Sijamwambia kwamba mkewe anaendesha bila yeye.