Udongo wa Mahame

Haya yalimkuta Somoe, shoga yake dada yangu, mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Sakafu ya nyumba yake mpya ilibomoka karibu na mlango, naye akarudi kwenye mahame yao, nyumba ya zamani waliyoihama, akachimba udongo katika chumba alimofia mamaye.

"Udongo wa mahame hauletwi nyumbani, mwenzangu," jirani akamwonya.

"Udongo ni udongo tu."

Adhuhuri akaziba shimo, akashindilia kwa mchi, akalainisha kwa kiganja. Akafunga mlango kuku wasiingie, akaketi nje kumenya mihogo. Ndani, katika giza la nyumba isiyo na dirisha, akasikia mtu anashindilia: du, du, du. Mchi ulikuwa miguuni pake.

Akafungua. Kiraka kilikuwa na alama ya kiganja. Haikubonyea chini, ilikuwa imetuna juu, vidole vyote vitano.