Bora Sana kwa Kila Swali

Kila jioni Sellah alimaliza hesabu zake, akaosha vikombe vya chai, kisha akasimama dirishani kungoja gari la baba yake. Waliishi Al-Shumaisi, mtaa wa zamani katikati ya Riyadh. Mama yake, Maryann, alikuwa muuguzi katika zahanati ya jirani. Baba yake, Hezron, aliendesha gari la kampuni ndogo iliyowasafirisha walimu.

Jumamosi moja Hezron aliingia amebeba kisanduku kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Bosi amenipa kazi ya heshima," alisema. "Hiki ni kidude cha kumwonyesha dereva njia. Kinatumia setilaiti na intaneti. Anataka nikijaribu wiki nzima, kisha nijaze fomu hii. Kikiwa kizuri, atanunua vingine ishirini kwa magari yote."

"Ujaze wewe, kwa mwandiko wako?" Maryann alicheka. "Barua zako za uchumba nilisomewa na mfamasia!"

"Basi Sellah ataandika. Mimi nitamweleza mambo kila jioni, halafu nitatia sahihi."

Kulikuwa na jambo jingine. Bosi alikuwa ameahidi kwamba fomu ikimridhisha, watakijaribu kidude mara ya mwisho kwa safari ya Jeddah. Alitaka kumpeleka mama yake akamwone dada yake huko, na Sellah angeruhusiwa kwenda. Sellah alikuwa na miaka kumi na miwili na hajawahi kuona bahari. Akawaza: kidude kikisifiwa, bahari nitaiona. Usiku huohuo akajaza maswali yote ishirini na manne kwa maneno mawili tu: Bora sana. Kisha akafungulia katuni.

Kidude kilikuwa na sauti ya mwanamke. Kila kiliposema, Hezron aliitika.

"Geuka kushoto."

"Sawa, madam."

Jumanne alirudi nyumbani amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Leo Madam amenipeleka mpaka ukingoni mwa shimo la reli mpya," alisema. "Barabara ile imefungwa tangu mwaka jana! Tumechelewa dakika arobaini. Mwalimu wa hesabu amezihesabu kwa sauti, moja moja."

"Ulijua imefungwa, na ukamfuata?" Maryann aliuliza.

"Mke wangu, niliendesha gari la nyumbani kwa watu miaka minne, madam akiwa kiti cha nyuma. Nikisikia sauti ya mama ikisema kulia, mikono inakwenda kulia yenyewe. Sellah, umeandika?"

"Nimeandika, baba," Sellah alijibu, macho kwenye televisheni.

Wiki ilipoisha, Hezron alitia sahihi bila kusoma. Bosi naye aliitazama ile sahihi, akaikunja fomu na kuitia mfukoni. "Halas, imekwisha!" alisema. "Jeddah!"

Safari ilichukua siku nzima, bosi akiwa kiti cha mbele. Katika barabara kuu Madam hakukosea hata mara moja. Mama yake bosi, ambaye madereva walimwita Mama Kabir, yaani Bibi Mkubwa, alimpa Sellah tende, akamwachia kiti cha dirishani. Sellah alipolala, bibi huyo alikunja shali yake mwenyewe, akaiweka chini ya kichwa cha mtoto. Walilala hotelini.

Asubuhi waliingia Balad, mji mkongwe wa Jeddah, wenye nyumba ndefu za mawe ya matumbawe na vichochoro vya sokoni. Dada yake Mama Kabir alikuwa akiwangoja na chakula.

"Geuka kulia," alisema Madam.

Hezron alitazama kile kichochoro. Kilikuwa chembamba kama mfuko wa shati. "Sawa, madam," alisema, mikono ikageuka.

Baada ya hatua hamsini gari lilikwama. Huku ukuta, huku duka la vikapu, mbele mkokoteni uliojaa magunia ya ndimu. Hamali mwenye mkokoteni alishika kiuno.

"Natafuta njia upya," alisema Madam.

"Tafuta haraka!" bosi alifoka. Akaichomoa ile fomu na kuisoma kwa mara ya kwanza. "Swali la tano: kifaa kilipata joto kiasi gani? Bora sana. Swali la tisa: taja kasoro zake. Bora sana." Sauti ilizidi kupanda. "Jina la dereva: Bora Sana! Hezron, sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu, bosi."

"Leo alasiri nilikuwa nilipie vidude ishirini! Nawezaje kukuachia gari tena?"

Hezron hakumtaja mtoto wake. Sellah aliweka tende chini, akainama mbele kuelekea kwa bosi.

"Niliandika mimi," alisema. "Baba alinieleza ukweli kila jioni, mimi sikuandika. Nilitaka kuona bahari. Usimfukuze."

Bosi alimfasiria mama yake. Mama Kabir akasema maneno marefu kwa Kiarabu.

"Amesema nini, baba?"

Hezron alikohoa. "Anasema mtoto ameandika bila kupima, dereva ametia sahihi bila kusoma, na kuna mtu mwingine…"

"Tafsiri yote," alisema Mama Kabir.

"…na mwanawe ameamini bila kuuliza. Anasema kidude peke yake ndicho kimekiri kwamba kimepotea."

Bosi aliguna, halafu akacheka. Hamali, alipoambiwa wanakokwenda, alishusha magunia, akamsaidia Mama Kabir kupanda mkokoteni. "Kwa dada yako napajua," alisema. "Nyuma ya mwoka mikate." Akamsukuma polepole kama bibi harusi, huku wenye maduka wakimwongoza Hezron kurudi nyuma.

Vidude havikulipiwa siku hiyo. Bosi alimpa Sellah fomu mpya, na jioni akampa dakika kumi za kutazama bahari. Sellah alizitumia zote.

Njiani kurudi Riyadh aliandika kila kitu. Madam alijua mapema kwamba kuna ajali mbele, akawapitisha kando. Adhuhuri alizimika kwa joto. Wakamfunika kwa shali ya Mama Kabir ili jua lisimpige, akazinduka. Bosi alipokuja kusoma maelezo hayo, alinunua vitano tu, vya magari ya safari ndefu.

Lakini kwanza fomu ilipitia mezani kwao Al-Shumaisi. Hezron alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, mpaka chai ikapoa.

"Zahanatini," Maryann alimwambia Sellah, "nikiandika joto la mgonjwa bila kumpima, daktari atampa dawa isiyo yake. Anayesoma ulichoandika hana macho mengine, mwanangu. Anatumia yako."

"Nimeelewa, mama."

"Hezron, sasa tia sahihi, chakula kinapoa."

"Sawa, madam," alisema Hezron, akatia sahihi.