Mishono ya Shati la Fenna

Kila siku baada ya shule, Fenna aliegesha baiskeli ukutani, akala mkate kwa jibini, kisha akakaa jikoni kushona shati lake la kitani. Kila baada ya miaka miwili, mji wetu wa Holtersloo huigiza vita vilivyopiganwa hapa Uholanzi karibu miaka mia nne iliyopita. Kwa siku tatu za kambi hakuna simu wala zipu. Watu wazima huwa askari na wauza bia, watoto huwa wafuaji nguo na wachota maji. Sharti ni moja: nguo zote zishonwe kwa mkono.

Fenna alikuwa na miaka kumi na miwili, na miaka minne mizima alikuwa akitamani kuingia kambini. Lakini shati lilimshinda. Vidole vilimuuma, mishono ilipinda. Jumatatu alilipeleka kwenye cherehani ya mama yake, na kwa dakika kumi mishono yote miwili ya mbavuni ikawa tayari. Kola tu, inayoonekana, ndiyo aliyoishona kwa mkono.

Kesho yake Bi Hendrika, fundi wa kushona wa miaka mingi, ambaye watoto wote humwita shangazi, alikagua nguo ukumbini. Mbele ya Fenna alisimama binamu yake mkubwa, Gerben, aliyevaa kama askari.

"Wewe askari, hiyo saa mkononi umeipora wapi?" Bi Hendrika aliuliza. "Enzi hizo saa ilikaa kwenye mnara wa kanisa!"

Ukumbi mzima ulicheka. Gerben akaivua, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Nawe Fenna, kola safi kabisa! Umelishona shati lote kwa mkono?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi umestahili kuona kitu."

Alifungua sanduku bapa. Ndani, juu ya karatasi nyeupe, ulilala mkono mmoja wa shati la mtoto, rangi ya chai.

"Ulikutwa ndani ya ukuta wa nyumba ya zamani. Tazama kwa kioo hiki cha kukuzia."

Fenna aliinama. Mishono ilikuwa midogo kama chembe za chumvi, imepangana bila mwisho. Kulikuwa na mtu hapa! Mtu aliyekaa karibu na dirisha, akiuwahi mwanga kabla haujaisha.

"Huenda alikuwa msichana wa rika lako," Bi Hendrika alinong'ona. "Wasichana walifundishwa mapema."

"Na hivi vitundu pembeni ya mshono?"

"Alikosea. Akafumua, akarudia."

Fenna alivitazama vile vitundu mpaka macho yakalowa. Msichana yule hakuwa na habari kwamba kuna mtu angekuja kumkagua, hata hivyo alifumua.

"Shangazi, nimekudanganya. Mbavuni nilitumia cherehani."

Bi Hendrika alilipindua shati, akaona, akafunga sanduku taratibu.

"Likiwa hivi huingii kambini. Ukaguzi unafungwa Ijumaa jioni."

"Lakini leo ni Jumanne!"

"Sasa umesimama hapo unangoja nini?"

Fenna alifumua mishono yote ya cherehani. Alishona hadi kidole kikatoka damu. Gerben alipita akachungulia. "Mfuaji gani huyu, hata shati lake halijaisha!" Kisha akakaa, akamtungia uzi kwenye sindano.

Ijumaa alilipeleka shati akiwa na hofu. Mshono ulikuwa wa mkono, lakini vitundu vya cherehani vilibaki pembeni yake.

"Havitaki kufutika, shangazi."

Bi Hendrika alivipitishia kidole, akatabasamu. "Viache. Kukosea hakukumharibia sifa yule wa sandukuni, wala wewe hakutakuharibia. Aibu ilikuwa kunificha. Sasa umesema kweli na umefanya kazi. Ingia."

Jumamosi mzinga ulinguruma, moshi ukafunika uwanja. Fenna alikuwa amepiga magoti kando ya mto akifua, kitani cha shati lake kimemgusa ngozi, baridi na kizito. Alipapasa vile vitundu mbavuni, akahisi kama kuna msichana mwingine kando yake, naye anafua.