Niliweka Sahihi Karatasi Tupu, Mwanangu Akakosa Safari

Nina miaka sitini na sita, mama wa watoto watatu, na nimeishi Kitengela tangu wakati punda milia walipokuwa wakipita nyuma ya nyumba yetu. Ndugu wasomaji, mkasa huu nimeuficha miaka mingi kwa aibu. Leo nautoa, maana ukikaa ndani unanichoma...

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea mwisho. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kiwandani, nami nikiuza mboga sokoni. Kanisani kwetu ukaja mpango wa kubadilishana wanafunzi. Ukimpokea mwanafunzi wa Ulaya na akae salama hadi arudi kwao, mwanao naye anapelekwa kule mwaka unaofuata.

Binti yangu Mwende alikuwa kidato cha tatu, na kichwa chake kilikuwa chepesi sana. Tulimpokea Karin, msichana wa miaka kumi na saba kutoka Denmark. Jirani yetu Mmaasai alimpa jina la Naserian, na kila jioni Karin alikwenda kwake kujifunza kukama mbuzi. Nilimpenda kama wangu. Naye Mwende tulishamnunulia koti zito la mitumba la kuendea baridi ya Ulaya! Tulikuwa na uhakika kiasi hicho.

Mratibu wa mpango alikuwa Mama Shiru wa Kajiado mjini. Huyu hakuwa mtu wa kando. Yeye na mumewe ndio waliotusimamia harusi, na siku ile ndiye aliyenishikia shela nikiingia kanisani. Nilipogombana na mume wangu, kwake ndiko nilikokimbilia. Je, wewe ungemshuku mtu kama huyo?

Sheria ya mpango ilikuwa wazi. Mwanafunzi hasafiri peke yake mpaka wazazi wake waandike barua, mama mwenyeji atie sahihi, na mratibu athibitishe. Karin alikuwa na hamu ya kufika Loitokitok auone Kilimanjaro kwa karibu. Kila asubuhi yenye anga safi alisimama uani akiutazama mlima kwa mbali, na kila mara nilimwambia angoje.

Siku moja Mama Shiru alinikuta nikikata sukuma wiki. Akasema wanafunzi wote wa mpango wanakwenda Loitokitok pamoja, kwa gari la kukodi, naye akiwa nao. Akatoa fomu. Haikuwa imejazwa hata neno moja! Nikamwambia tuijaze kwanza.

"Mama Mwende, wewe weka sign tu, mimi nitajaza huko Kajiado. Ama unataka nikae hapa mpaka jioni na hii jua? Kwani siku hizi hatuaminiani?"

Nikaona haya. Nikapangusa mikono kwenye leso, nikatia sahihi. Ah, mkono wangu huu!

Karin aliondoka Ijumaa nikiwa sokoni, nami nikijua gari la wenzake linamngoja Kajiado, arudi Jumapili. Jumapili hiyo wazazi wake walipiga simu kwenye duka la jirani, kama kawaida yao. Nikawaambia kwa furaha, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, kwamba yuko safarini. Safari gani? Hawakuwa wameandika barua yoyote! Nikakaa juu ya kreti la soda.

Hakurudi siku hiyo. Jumatatu asubuhi mimi na mume wangu tulifika Kajiado. Mama Shiru tulimkuta akianika nguo. Hakuwa ameenda popote! Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akaniangalia hivi, akasema, "Si wewe ndiye ulimpatia ruhusa aende peke yake?"

Mume wangu alishika njia ya Loitokitok. Alimkuta Karin kwa mama mmoja muuza vitunguu aliyemwokota stendi akitetemeka kwa malaria. Mungu ambariki mama yule! Karin alilazwa, akapona, lakini wazazi wake walikuja wakamchukua kutoka hospitalini moja kwa moja. Hata kuagana hatukuagana.

Kikao cha wasimamizi wa mpango kikafanyika Kajiado. Fomu ikawekwa mezani: "Ninamruhusu asafiri peke yake. Wazazi wake nimewaarifu." Chini yake, sahihi yangu. Na mwandiko je? Mama Shiru alikuwa na jibu. Aliwaambia wote, kwa sauti ya huruma, kwamba Mama Mwende hajui Kiingereza vizuri, kwa hivyo alimwomba amjazie, naye akathibitisha akiamini wazazi wameshaarifiwa. Watu wakaniangalia. Sahihi ilikuwa yangu, ningeikanaje?

Tukafutwa kwenye mpango. Nafasi ya Mwende ikapewa aliyekuwa wa akiba. Wa akiba ni nani? Shiru! Binti yake mwenyewe! Ndipo nikaelewa, nikiwa nimechelewa.

Mwende hakulia. Alilikunja lile koti vizuri, akaniletea jikoni. "Uza tu, mama." Tangu siku hiyo alinijibu "ndiyo" na "sawa" tu, kwa miaka. Nilihesabiwa mama aliyeuza bahati ya mwanawe kwa uvivu wa kusoma.

Baadaye sana Karin aliniandikia barua. Alieleza kwamba Mama Shiru ndiye aliyemwambia mimi nimekubali aende peke yake, na asiniulize kwa sababu nitakasirika. Nilimpa Mwende barua hiyo. Aliisoma mara mbili, akairudisha ndani ya bahasha, akaenda kuchota maji.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wasomaji wenzangu, nawasihi, msitie sahihi karatasi tupu, hata kama anayeomba ndiye aliyekushikia shela! Rafiki wa kweli atangoja ujaze. Akikuambia jua ni kali, mpe kiti na maji, kisha usome.

Mwende sasa ni mama. Juzi aliniletea fomu ya safari ya shule ya mjukuu wangu, kwa kuwa mtoto anakaa nami na shuleni mimi ndiye niliyeandikishwa mlezi. Nilikuwa na haraka, nikaichukua kalamu. Mwende akaweka kiganja chake juu ya karatasi, taratibu tu.

"Mama," akasema, "soma kwanza."