Kipande cha Pili

Fundi wa majokofu alikuwa akiimba kila asubuhi akioga. Aliimba vibaya, lakini majirani walimvumilia. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Kuimba kukaisha, na kusema pia.

Mkewe alifanya kila alilojua. Alimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Fundi akianza, "Ma... ma...", yeye humalizia mbio: "Maji? Mafuta? Matunda?" Mwishowe fundi akaacha kujaribu, akageukia ukuta.

Mke naye akakata tamaa. Alikishusha kibao cha karakana, kilichoandikwa "Refrigerator", akakiegemeza chumbani.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alipokuja nyumbani, alimkuta mke akilia jikoni.

"Nina mume, dada, lakini sina wa kuongea naye."

"Anasikia, mama, na anaelewa. Maneno ndiyo yamekwama. Usimpigie kelele. Usimmalizie. Msubiri."

Kisha wakaingia chumbani, mtaalamu akamuuliza fundi, "Tuanze na neno gani, mzee?"

Fundi akanyoosha mkono wa kushoto kwenye kibao.

"Hilo?" mke akashtuka. "Refu kama foleni ya hospitali! Si aanze na maji?"

"Kachagua mwenyewe. Tutalikata vipande, yaani silabi. Ri. FRI. Ja. Rei. Ta. Neno letu hukazwa karibu na mwisho: karaKAna. Hili la Kiingereza hukazwa kipande cha pili. Gonga meza kwa mkono wa kushoto, kila kipande mara moja. Kwenye FRI, gonga kwa nguvu."

Fundi akagonga. "Ri..." Akaishia hapo.

Kesho yake ikawa vilevile. Wiki zikapita. Kuna siku alisukuma meza akalia, mkewe akalia naye, chai ikapoa. Mke hakuamini tena. Aliendelea kugonga naye kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya.

Asubuhi moja mpita njia akasimama mlangoni. "Fundi, siku hizi mnatengeneza nini hapa?"

Mke akafungua mdomo ajibu. Akaufumba. Mgeni akatazama saa yake. Mke akasubiri, roho juu.

Mkono wa kushoto wa fundi ukagonga kiti alichokalia. "Ri... FRI..." Mkono ukagonga tena. "Ja... rei... ta."

"Afadhali!" mgeni akasema. "Jokofu langu limeacha kugandisha."

Mkono wa kulia wa fundi ulikuwa bado umelala. Kazi yenyewe ilikuwa mbali. Lakini mke alikuwa ameshaingia chumbani, kibao kwapani, anatafuta nyundo na misumari.